Mkoa Unaolisha Nchi na Ile Asilimia 45: Tuzisomeje Takwimu za Rukwa?

(Hotuba hii ilitolewa Sumbawanga mbele ya madiwani, watendaji wa kata na vijiji, walimu na wajumbe wa vikundi vya akiba na mikopo. Naiweka nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wetu, walimu, mama zangu na baba zangu mliotoka kwenye vikundi, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha: wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za asubuhi.

Nina maswali mawili kabla ya yote. La kwanza: mkoa gani unalisha nchi hii?

(Ukumbi: Rukwa!)

Nilijua mtasema hivyo. Mbeya, Iringa na Ruvuma watanuna wakisikia tumejitaja peke yetu, lakini haya, Rukwa tumo kwenye ile mikoa minne ambayo kila mwaka wa njaa malori yanaelekezwa huku.

La pili: katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, mkoa gani wa Tanzania Bara ulikuwa na sehemu kubwa zaidi ya watu walio chini ya mstari wa umaskini?

(Kimya.)

Rukwa. Asilimia 45. Bara nzima ilikuwa asilimia 26.4. Dar es Salaam, wanakokula mahindi yetu, asilimia 8.

Sasa ndugu zangu, mnaweza kuipokea namba hiyo kwa njia mbili, na zote mbili nimezisikia mkoani humu. Kuna wanaokasirika na kusema takwimu ni za uongo, hawa watu wa Dodoma hawajawahi kukanyaga wilaya ya Kalambo. Na kuna wanaoishika kama bakuli la kuombea: sisi ni maskini namba moja, tuleteeni miradi. Mimi leo nawaomba njia ya tatu, ambayo ni ngumu kidogo. Tuihoji. Kila namba ikiletwa mbele yetu tuiulize: umemhesabu nani? Umemhesabu lini? Na jirani yako anasemaje?

Tuanze na nani.

Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi katika utafiti ule ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Gawanyeni kwa siku thelathini. Ni shilingi 1,644 kwa siku, na humo ndani mna chakula, nguo, sabuni, dawa, kila kitu. Anayetumia chini ya hapo anahesabiwa maskini. Na anayetumia 49,500 je? Huyo ameshavuka, hayumo kwenye ile 45. Mnamwona huyo mtu? Ni jirani yako. Mtoto akiugua malaria mara moja, au mbuzi wawili wakifa, anarudi chini ya mstari, na hakuna karani atakayekuja kuandika kwamba amerudi. Kwa hiyo ukisikia asilimia 45, usidhani ile 55 iliyobaki inapeta. Wengi wao wamesimama ukingoni.

Halafu, waliohojiwa walikuwa wangapi? Kwa Bara nzima ni kaya kama 9,500. Mikoa 26. Gawanyeni wenyewe: ni kaya mia tatu na kitu kwa mkoa. Hilo si kosa, ndivyo tafiti za sampuli zinavyofanywa, na wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wanaifahamu kazi yao. Kaya mia tatu na kitu zilizochaguliwa kwa utaratibu zinatosha kuusemea mkoa. Lakini hazitoshi kuisemea wilaya ya Nkasi peke yake, wala Kalambo, wala kata yako wewe mheshimiwa uliyekaa hapo mbele. Nimeona taarifa ya mradi imeandikwa “umaskini katika kata hii ni asilimia 45”. Nani aliupima kwenye kata hiyo? Hakuna. Mtu amechukua namba ya mkoa akaibandika kwenye kata, na bajeti ikapita.

Na mnajua hatari yake? Rukwa si moja. Kuna Ufipa ya juu, ya mahindi, maharage na ulezi, ambako lami ya kutoka Tunduma inapita. Kuna bondeni kwenye Ziwa Rukwa, Muze, Mtowisa, Ilemba kule, ambako joto ni jingine, mpunga unalimwa, na wafugaji wameingia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Na kuna mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kasanga, Kipili, Kirando, ambako maisha ni dagaa na migebuka. Mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kusimamisha uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kwa mtu wa Ufipa, miezi hiyo mitatu ni ya kuvuna, pesa ziko mkononi. Kwa mtu wa Kirando ni miezi ya kukopa dukani. Ukiwachanganya hawa wawili ukatoa wastani, unapata mtu wa tatu ambaye haishi popote mkoani humu. Halafu tunamtengenezea mpango wa maendeleo wa miaka mitano.

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini mipango hiyo tunayo makabatini.

Nije kwenye lini. Hapa nataka nikae, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, na wengine ni wasomi wazuri tu.

Kijana mmoja wa chuo alinijia na jedwali la sensa, amelikolezea wino. Sensa ya 2002, Rukwa ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.14. Sensa ya 2012, Rukwa watu milioni 1 na elfu chache. Sensa ya 2022, watu zaidi ya milioni 1.5. Ameandika insha nzima: kati ya 2002 na 2012 watu waliukimbia mkoa wa Rukwa kwa sababu ya umaskini, kisha wakarudi lami ilipofika. Insha ina mtiririko, ina nadharia, ina marejeo. Wazee mliopo hapa, niambieni, watu waliukimbia mkoa?

(Sauti kutoka ukumbini: Mpanda!)

Mpanda, baba, asante. Mwaka 2012 ulizaliwa mkoa wa Katavi kutoka ndani ya Rukwa, na Mpanda yote ikaondoka nao. Hakuna aliyekimbia. Mtu alilala ni wa Rukwa akaamka ni wa Katavi, kitandani pale pale. Mwaka huo huo ikazaliwa Njombe, Simiyu na Geita, na mwaka 2016 Songwe ikatolewa Mbeya. Kwa hiyo mkilinganisha takwimu za mkoa za miaka tofauti, ulizeni kwanza mpaka ulikuwa wapi. Mpaka ukihama, namba inahama nao, na hakuna maisha ya mtu yaliyobadilika.

Lakini tazama 2012 hadi 2022, ambapo mpaka wetu haujaguswa. Kutoka milioni 1 hadi milioni 1.5. Ni ongezeko la karibu asilimia 4.3 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 3.2. Kwa mwendo huo watu wa mkoa huu wanakuwa mara mbili ndani ya miaka kama 16. Walimu, ninyi mnalijua hili bila sensa, maana mnalipanga kwenye madawati. Sehemu ya ongezeko hili ni watoto wetu wenyewe, na sehemu ni ndugu waliohamia na jembe au na mifugo. Sasa fikirini: halmashauri ikijenga madarasa mengi kuliko wakati wowote, ikaajiri, ikachimba visima, bado takwimu ya wanafunzi kwa darasa inaweza isisogee hata kidogo, kwa sababu watu waliongezeka sambamba na madarasa. Kitaifa ndivyo ilivyotokea kwa umaskini. Benki ya Dunia iliandika kwamba kiwango kilishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 26.4 mwaka 2018, na papo hapo idadi ya maskini ikapanda kutoka kama milioni 13 hadi milioni 14. Anayetaka kusifu atachukua asilimia. Anayetaka kulaumu atachukua idadi. Na wote wawili wamesema kweli.

Kuna lini nyingine, ya msimu. Mnakumbuka mwaka 2017?

(Ukumbi unaguna.)

Naona mnakumbuka. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mavuno yalikuwa mazuri, soko la nje likafungwa, bei ikaanguka. Wapo humu waliouza gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo, kwa bei ambayo hawapendi kuitaja mbele ya watoto. Sasa utafiti ule uliotupa asilimia 45 ulianza kukusanya taarifa Desemba 2017 ukamaliza Novemba 2018. Yaani makarani walianza kubisha hodi kwetu miezi michache tu baada ya hapo.

Na utafiti ule unapima matumizi. Mahindi uliyolima na kuyala nyumbani yanahesabiwa pia, yanapigiwa thamani kwa bei. Bei ikianguka, pesa ya mkulima inapungua, na hata ule ugali wa nyumbani unaonekana wa bei rahisi kwenye hesabu. Je, nasema umaskini wetu ni wa kubuni, umeletwa na bei ya mwaka mmoja? Sisemi hivyo, na mtu asiniwekee maneno mdomoni. Umaskini wa Rukwa haukuanza 2017. Ninachosema ni kwamba mkoa unaotegemea zao moja hupimwa pamoja na bei ya zao hilo. Namba ile inasema habari zetu na habari za soko kwa pamoja, na kazi ya kuzitenganisha ni yetu.

Maana fuateni safari ya gunia moja. Mama analima, anavuna Juni. Ada ya mtoto wa bweni inadaiwa, deni la mbolea linadaiwa, kwa hiyo anauza Juni ile ile, kwa mlanguzi aliyekuja na lori na mizani yake mwenyewe, au bila mizani. Gunia linakaa ghalani kwa mtu mwingine mpaka Januari. Mwezi wa Januari na Februari, wakati bei imepanda, ni nani yuko sokoni na debe lake ananunua mahindi? Ni mama yule yule. Kwa hiyo thamani ya lile gunia ilikua kweli, ila ilikua likiwa mikononi mwa mtu mwingine. Takwimu ya uzalishaji itasema Rukwa imezalisha ziada. Ni kweli. Takwimu ya umaskini itasema karibu nusu ya watu hawafikii mahitaji ya msingi. Ni kweli. Hazigombani hizo namba mbili. Katikati yake kuna ghala, deni na mizani, na huko ndiko pengo kati ya mtu na mtu linakotengenezwa.

Hapo tumeshaingia kwenye swali la jirani. Namba ikisimama peke yake usiiamini sana, iitie mwenzake.

Pato la mkoa kwa kila mtu, kwa mfano. Linapendwa sana kwenye taarifa. Unachukua thamani ya vyote vilivyozalishwa mkoani unagawanya kwa watu. Geita kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, umeanza kuzalisha tangu 2000, mwenye mgodi ni kampuni ya nje ya nchi. Dhahabu ikichimbwa Geita inahesabiwa kwenye uzalishaji wa Geita. Faida ya mwenye hisa iko kwingine. Ukigawanya kwa wakazi, bibi anayeuza mihogo stendi anapata fungu lake la dhahabu kwenye karatasi. Ameliona?

Na Iringa. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, nataka mlisikie vizuri, hasa akina baba. Iringa iko miongoni mwa mikoa ya juu kwa pato la kila mtu. Chai, mbao, mahindi, viwanda. Sasa mwite jirani. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulipima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano. Kitaifa, asilimia 30 wamedumaa. Iringa, karibu asilimia 57. Ya kwanza nchini. Inayofuata ni Njombe, kama 50. Na ya tatu?

(Kimya.)

Sisi. Rukwa, karibu asilimia 50. Nusu ya watoto wetu ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na si kwa sababu babu yao alikuwa mfupi. Mikoa mitatu ya ghala la chakula imeongoza kwa udumavu. Mwenye kuangalia tani za mahindi peke yake angeapa kwamba jambo hili haliwezekani.

Linawezekanaje? Mtoto wa miezi minane hahitaji tani. Anahitaji yai, maharage, dagaa waliosagwa, mboga, na mtu wa kumlisha mara nne au tano kwa siku kwa uvumilivu. Mtu huyo ni mama yake, na mama yake yuko shambani tangu alfajiri, kwa sababu palizi haingoji. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji mweupe. Dagaa wa Kirando wamepanda lori, wako njiani kwenda Tunduma au Zambia. Kwa hiyo kaya inaweza kuwa juu ya mstari wa umaskini, ina bati, ina pikipiki, na mtoto anadumaa ndani ya nyumba hiyo ya bati. Pengo halipo tu kati ya Rukwa na Dar es Salaam. Lipo ndani ya nyumba, kati ya anayeshika pesa ya mahindi na anayekoroga uji, na utafiti wa kaya huwa unaishia mlangoni: unahesabu kaya ilitumia nini, hausemi nani alikula nini.

(Makofi kutoka upande wa akina mama.)

Nashukuru. Akina baba mnaweza kupiga pia, haikatazwi.

Waheshimiwa madiwani, mtaniuliza: haya yote yanatuhusu nini, sisi tunataka fedha. Yanahusu fedha hasa. Tazameni majirani zetu Kenya. Katiba yao ya 2010 ilileta kaunti 47, na fedha za kaunti zinagawanywa kwa kanuni. Ya kwanza ilikuwa hivi: asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 sawa kwa wote, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa eneo, 2 kwa nidhamu ya matumizi. Mwaka 2020 ilipotakiwa kanuni mpya, maseneta walishikana mashati kwa wiki na wiki mpaka Septemba. Wenye watu wengi walitaka kichwa kihesabiwe zaidi. Wa kaskazini walisema eneo letu ni kubwa, tuna watu wachache na umaskini mzito. Na walikuwa na ushahidi: utafiti wa 2015/16 uliweka Turkana kwenye asilimia 79.4 ya umaskini, Nairobi 16.7. Ndiyo maana kule matokeo ya sensa yanagombewa. Ya 2009 yalizuiwa katika wilaya nane za kaskazini. Wenzetu wamekwisha kuelewa kwamba safu moja ya jedwali ni barabara au si barabara.

Na sisi tunayo ya kwetu, ile asilimia kumi. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Vikundi mliopo hapa mnaijua vizuri. Inaonekana sawa kwa wote, sivyo? Kumi ni kumi. Lakini kumi ya nini? Chukueni mfano tu: halmashauri inayokusanya bilioni 2 itatenga milioni 200. Jiji linalokusanya bilioni 60 litatenga bilioni 6. Na sisi sehemu kubwa ya makusanyo yetu ni ushuru wa mazao, kwa hiyo bei ya mahindi ikianguka, mfuko wa mikopo unaanguka mwaka ule ule ambao kikundi kinauhitaji zaidi. Asilimia ni ile ile kwa nchi nzima, na inazidi kutuacha mbali na wenye nacho. Hoja hiyo mkiipeleka kwa hasira hamtasikilizwa. Mkiipeleka na jedwali la makusanyo ya miaka kumi mkononi, pembeni bei ya gunia, pembeni idadi ya watu, atakayewapinga itabidi naye aje na jedwali.

Basi tufanye nini? Sitawapa orodha ndefu. Watendaji wa vijiji, daftari la wakazi mnalo, au mnapaswa kuwa nalo. Zahanati ina kadi za kliniki za watoto. Walimu mna mahudhurio, na wengi wenu mna vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Kwa hiyo vifaa tusivisingizie. Daftari la kijiji, kadi za kliniki, mahudhurio: vitu vitatu hivi vinakaa kwenye majengo matatu ambayo mtu anaweza kuyatembelea kwa miguu asubuhi moja, na havijawahi kuwekwa meza moja. Viwekeni, bila majina ya watu, kwa kitongoji. Mtaona kitongoji ambacho watoto wanadumaa kuliko vingine, na ambacho mahudhurio yanashuka mwezi wa palizi. Hakuna utafiti wa taifa utakaowaonyesha hilo. Haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na kikao kijacho cha baraza, mchumi wa halmashauri atakaposimama na kusoma asilimia, diwani mmoja, mmoja tu, ainue mkono aulize kwa adabu: mtaalamu, hiyo asilimia imepimwa kata zipi, mwezi gani, na bei ya mahindi ilikuwa ngapi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza yangu. Namwona mama mmoja wa mwambao ameinua mkono tangu nilipowapandisha dagaa lori, na sura yake haionyeshi kama amekubaliana nami. Naomba tuanze na yeye.